Tone la Maji Juu ya Ukucha

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa ukucha wa dole gumba, tena si wangu. Ulikuwa wa jirani yetu, mwanamke ambaye watoto wote wa mtaa wetu pale Chikongola, Mtwara, tulimwita mama mkubwa. Nililala chali katika chumba changu cha zamani nyumbani kwa wazazi, shahada yangu ya ualimu wa sayansi ikiwa kwenye bahasha juu ya kabati, nikijiuliza swali lile lile kwa namna ishirini. Kama nilichokiona kwenye ukucha ule ni kweli, mama mkubwa anaumwa na hajui, na Alhamisi anasafiri. Kama si kweli, nitakuwa nimemtia hofu mtu mzima kwa sababu ya ukurasa mmoja wa kitabu cha chuo, na haingekuwa mara yangu ya kwanza.

Nieleze kwanza alikuwa nani kwangu. Baba alipata kazi ya ukarani bandarini Mtwara, mama akapata nafasi ya kufundisha shule ya msingi. Tulitoka Iringa. Tulikuwa Wakristo wa bara ambao hatukuwa na ndugu hata mmoja huku kusini, na mama alifundisha asubuhi na mchana. Mimi nilibaki kwa jirani. Mama mkubwa alikuwa Mmakonde, Muislamu, mwenyeji wa kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay, ambako alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho. Hakuna aliyempangia kunilea. Alinikuta nimekaa kizingitini nikisubiri mama arudi, akaniambia, "Ntoto haangaliwi na mlango. Pita huku." Alisema "ntoto" na "nkono" maisha yake yote, na mimi nilisema hivyo mpaka shule iliponisahihisha.

Ndiye aliyekuwa akinikata kucha. Alitumia wembe, taratibu, akibana kila kidole changu kati ya vidole vyake viwili, na vipande vyote vilidondokea kwenye jani la mpapai alilolitandika mapajani. Akimaliza alilikunja jani, akachimba kishimo nyuma ya nyumba na kuvifukia. Mama yangu alimwona siku moja akacheka.

"Jirani, si utupe tu jalalani?"

"Huu mwili wake huu, mwalimu. Utautupa kama ganda la muhogo?"

Mama hakuamini mambo hayo, lakini niliona tangu siku hiyo naye alianza kukusanya vipande vyetu kwenye karatasi kabla ya kuvitupa.

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu, ilifika Idi na mama mkubwa akawapaka hina wanawake wa mtaa mzima. Alijulikana kwa hilo. Aliitwa harusini mpaka vijijini, na watu walisema hina yake haitoki haraka kama ya wengine. Mimi nilikaa pembeni nimenyoosha mikono, kama mtu anayesubiri sakramenti, mpaka akanionea huruma na kunipaka kucha zote kumi. Nililala na vidole vimefungwa vitambaa. Asubuhi kucha zilikuwa nyekundu kama gamba la kamba aliyechemshwa, na nilidhani hakuna mtoto mzuri kama mimi Tanzania nzima.

Jumatatu ikafika. Kila Jumatatu tulisimama mstarini na kunyoosha mikono ili mwalimu wa zamu akague kucha. Alipofika kwangu alisimama.

"Hizi ni nini?"

"Hina, mwalimu."

"Kumbe bibi harusi yuko darasa la tatu! Bwana harusi yuko mstari gani?"

Mstari mzima ulicheka. Mama yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule hiyo hiyo, alikuwa amesimama mbele na wenzake, na nilimwona akitazama miti. Nikapewa amri ya kuziondoa. Jioni ile mama alinisugua kwa ndimu, kisha kwa sabuni ya kufulia, kisha akachukua kipande cha msasa alichokitumia baba kwenye mbao. Mama mkubwa alisikia kilio akaja mbio.

"Mwalimu, utamaliza ukucha, hina itabaki! Hiyo haitoki. Inasukumwa."

"Inasukumwa na nani?"

"Na ukucha mpya. Ngoja utaona."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wa zamu alikubali shingo upande, lakini kila Jumatatu aliniita mbele nionyeshe, na mimi niliyekuwa na wasiwasi hata wakati huo nilianza kupima kwa rula. Baada ya wiki mbili uzi mwembamba usio na rangi ulitokea pale ngozi inapoishia na ukucha kuanza. Baada ya mwezi ulikuwa na unene wa punje ya mchele. Wekundu haukufifia, ulihama tu, ukisogea kuelekea nchani kila wiki bila kelele, na mimi nikaukata kidogo kidogo mpaka siku moja, muhula mwingine kabisa, mama mkubwa akakata kipande cha mwisho cha dole gumba. Nilikuwa nimejifunza kitu ambacho baadaye nilikikuta kitabuni kwa maneno marefu: kwamba ukucha tunaouona umeshakufa, ndiyo maana hauumi ukikatwa, ulio hai ni shina lake lililojificha chini ya ngozi, na kila kinachotokea mwilini wakati shina hilo linafanya kazi huandikwa kwenye ukucha na kutoka nje polepole, kwa miezi.

Chuoni nilipofika kwenye somo hilo nilihisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Nilijua kwa nini pana kijimwezi cheupe pale chini, kwa nini ukucha una rangi ya waridi, kwamba waridi hilo si la ukucha wenyewe bali la damu inayopita kwenye nyama iliyo chini yake. Tatizo ni kwamba mtu kama mimi hapaswi kupewa orodha ya magonjwa yanayoonekana kwenye kucha. Nilimpeleka zahanati msichana niliyeishi naye chumba kimoja kwa sababu kucha zake zilikuwa za njano, tukaambiwa ni manjano ya mchuzi, anawe tu. Likizo moja nikamtazama baba nikaona mistari iliyosimama kwenye kucha zake, nikamsumbua mpaka akaomba ruhusa bandarini na kwenda hospitali. Daktari alimshika mkono, akamrudishia. "Mzee, huu ni umri tu. Nani kakuleta?" Tangu siku hiyo baba aliniita Daktari wa Kucha, mbele ya wageni.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani baada ya kuhitimu, nikisubiri kupangiwa kituo cha kazi, nilikuwa nimejiapiza kutotazama mkono wa mtu.

Jumapili ile, baada ya kanisa, nilikwenda kula kwa mama mkubwa. Alikuwa akijiandaa kwa safari. Kaka yake, anayeishi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, alikuwa akiozesha binti, na mama mkubwa alikuwa avukie kwenye kivuko cha Kilambo kwenda kumpaka hina bibi harusi, halafu abaki huko miezi minne kumsaidia kaka yake kulima. Alizungumza juu ya safari hiyo kwa furaha, ila alizungumza ameketi. Zamani hakuwa akiketi. Njiani kutoka jikoni na sufuria ya ugali alisimama kidogo, akashika ukuta, akavuta pumzi, akaendelea.

Nilimmiminia maji kwa jagi anawe. Alipoinua mkono, maji yote yaliteleza isipokuwa tone moja. Lilibaki juu ya ukucha wa dole gumba, limetulia, kama limewekwa kwenye kisahani. Akautikisa mkono, likaanguka. Nikammiminia tena, nikijifanya sikuona vizuri. Tone lingine likakaa pale pale.

Ukucha wa kawaida una mgongo, maji hayatui juu yake. Ukucha wake ulikuwa umebonyea katikati kama kijiko. Kitabu changu kilikuwa na picha ya ukucha kama huo, na maelezo yake yalikuwa mafupi: upungufu wa damu wa muda mrefu.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka yote niliyomfahamu, kucha za mama mkubwa hazikuwahi kukosa hina. Alijipaka tena kabla uzi ule usio na rangi haujapanuka. Safari hii alikuwa hajajipaka kwa muda mrefu, hina yote akiiweka kwa ajili ya harusi. Nusu ya juu ya ukucha ilikuwa bado na wekundu uliochakaa. Nusu ya chini ilikuwa wazi, na rangi yake ilikuwa rangi ya ugali tuliokuwa tukiula.

Tulikuwa bado tunakula alipoingia jirani mwingine, muuza mboga, kumuaga. Alikishika kiganja cha mama mkubwa akakigeuza.

"Tazameni huyu! Amekuwa mweupe, anang'aa. Unakwenda kumpaka hina bibi harusi au kumnyang'anya bwana?"

"Nimpe nini, nami sina meno!"

Walicheka wote wawili. Baadaye niligundua kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimsifu hivyo kwa miezi, kwamba ametakata, kwamba mjini kumemkubali. Na yeye aliamini. Weupe ule ulikuwa damu inayopungua, na sisi sote tulikuwa tukiupongeza.

Mtu mwingine angesema pale pale. Mimi nilikwenda nyumbani nikajimwagia tone la maji kwenye dole gumba. Likateleza. Nikamwomba mama mkono wake, likateleza. Nikajaribu kwa mtoto wa dukani, kwa fundi wa baiskeli na kwa mwanakwaya mwenzangu, nikiwaambia ni utafiti. Kwa wote liliteleza. Hata hapo nikajitafutia njia ya kutokea: mama mkubwa amebangua korosho tangu utoto wake, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, yameharibu kucha za wanawake wengi tunaowajua. Huenda ni korosho tu. Huenda ninataka kuwa sahihi safari hii kwa sababu nimechekwa sana. Huenda pia ananihitaji ninyamaze, kwa sababu harusi ya binti wa kaka haiji mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyofikiri Jumapili, Jumatatu na Jumanne, nikigeuka kitandani, na kila nilipofika mwisho wa hoja nilianza upya.

Jumanne mchana nilimsindikiza sokoni kununua zawadi za safari. Tulitembea polepole kuliko nilivyowahi kutembea naye. Alinunua kanga mbili, kisha kwenye meza ya viungo akanunua karafuu na, bila kunitazama, vipande vya udongo wa kula, ule wanaoununua wajawazito. Akatia kimoja mdomoni.

"Mama mkubwa, tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Hata sijui. Nisipoula nahisi kama nimesahau kitu." Akacheka. "Usimwambie mama yako, atasema nina mimba ya uzeeni."

Hilo nalo lilikuwa kitabuni, mistari miwili chini ya picha ya ukucha.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwake na kikombe cha maji. Alikuwa akifunga mizigo. Nikamwomba akae, nikampa mkono wangu na kudondosha tone kwenye ukucha wangu. Likaanguka. Kisha nikachukua mkono wake na kudondosha la pili. Likakaa. Tulilitazama wote.

"Mchezo gani huu?"

"Mama mkubwa, ukucha wako umebonyea. Na huku chini ambako hakuna hina ni mweupe. Na udongo. Na kutoka jikoni tu unapumzika njiani. Nadhani huna damu ya kutosha. Naweza kuwa nimekosea. Nilikosea kwa baba, unajua. Lakini naomba twende hospitali leo kabla ya safari."

Aliuzungusha mkono kwenye mwanga wa dirisha. Nilikwisha kujiandaa kuomba radhi.

"Daktari wa Kucha," akasema.

"Ndiyo."

"Baba yako alikucheka kwa sababu alikuwa mzima. Ungempata mgonjwa angekucheka?"

"Sijui."

"Wanasema natakata. Mwenyewe nikijitazama kwenye kioo naona kama nafutika." Akajifunga kanga. "Kama wakinikuta mzima, utanibebea mizigo yote mpaka Kilambo, kichwani."

Tulikwenda kwa miguu kwa sababu alikataa kupakiwa kwenye baiskeli, akisema watu watadhani anaumwa. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana, pengine tulimaliza chuo mwaka mmoja. Alishusha ngozi ya chini ya jicho la mama mkubwa, akatazama ndani, akauliza, "Mama, umefikaje hapa?"

"Kwa miguu yangu."

"Kwa miguu?"

"Sasa nitembee kwa mikono?"

Mpaka leo akisimulia siku hiyo huanzia hapo, na huigiza macho ya yule kijana. Alitobolewa kidole, akapewa kikopo cha kuwekea choo. Majibu yalirudi kabla ya adhuhuri. Alikuwa na minyoo ya safura, ile inayoingia kwa kupitia nyayo, na mama mkubwa alilima pekupeku miaka yote. Ilikuwa imemnyonya kidogo kidogo, kwa muda mrefu sana, mpaka mwili ukazoea kuishi na damu ambayo mwingine angekuwa ameshaanguka nayo. Angevuka mto na kushika jembe, tabibu alisema, asingemaliza msimu. Alizungumza nami pembeni, akitazama karatasi. Dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu vingefuata, lakini kwanza alazwe na aongezewe damu leo. Na kama ilivyo kawaida, ndugu walete watu wawili wa kuchangia ili akiba ya hospitali isipungue.

Mwanawe wa pekee alikuwa Masasi. Kaka yake alikuwa ng'ambo. Nilikimbia nje nikapiga simu bandarini. Baba alifika na sare zake za kazi, akaenda moja kwa moja kitandani kwa mama mkubwa, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Jirani, umetupa kazi."

"Mnyonye kabisa huyo, nesi," mama mkubwa alimwambia muuguzi. "Hajawahi kunilipa kwa kumlea mwanawe."

Baba alicheka mpaka akatoa leso. Alipotoka chumba cha damu, amebana pamba kwenye mkono, alikaa karibu nami kwenye benchi la korido. Hakuniita Daktari wa Kucha. Aliniambia tu, "Umefanya vizuri kusema," kisha akatazama viatu vyake, na nilijua sitasikia tena jina lile mbele ya wageni. Nilishukuru, lakini kilichonijaa zaidi ni shukrani nyingine, ya zamani, ambayo sikuwahi kuitamka: kwamba tulifika mji huu bila ndugu, na mwanamke huyu akanitoa kizingitini bila kuuliza dini wala kabila letu, kwamba macho yaliyouona ukucha wake yalifundishwa kutazama kucha mapajani kwake.

Ilibaki nafasi ya mtu wa pili. Mama alikuwa na shinikizo la damu, asingeruhusiwa. Muuguzi akasimama mlangoni akaniuliza kama ni mimi.

Ninaogopa sindano. Isitoshe, miaka ile kila aliyechangia damu alipimwa kila kitu, Ukimwi ukiwemo, na mimi, ambaye sikuwa na sababu yoyote ya kuogopa majibu, niliweza kujitungia sababu kumi kwa dakika moja. Nilifikiri juu ya chumba cha daktari wa meno nilikochomwa sindano nikiwa mdogo. Nilifikiri kwamba labda nina damu ndogo mimi pia, kwamba nitazimia, kwamba labda mwanakwaya mwenzangu yuko mjini na anaweza kuja baada ya saa moja. Nikajitazama kucha, kijimwezi kwa kijimwezi, zote za waridi. Muuguzi aligeuza kichwa ndani, akaniangalia tena.

"Dada, tunamsubiri mtu au ni wewe?"

Sikuwa nimemaliza kufikiri, na nilijua nikiendelea sitamaliza. Nikasimama. Nikampa baba mkoba wangu, nikaingia ndani, nikajilaza kwenye kitanda chenye mpira wa kijani, nikakunja mkono wa blauzi mpaka begani, nikageuza uso ukutani na kumwambia aanze.